Jeki Haikuvunjika

Jeki niliiweka mimi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa miaka saba nilisema jingine, na najijua: nikianza kuzunguka, nitazunguka mpaka chai ipoe.

Naitwa Gordon Haigh. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha sufu, kwenye bonde letu la Colne huku Yorkshire, chumba cha kutia rangi. Karibu miaka yote hiyo, mtu aliyesimama kwenye pipa la jirani yangu alikuwa Raymond Sugden. Tulioa mwaka mmoja, yeye akamwoa Muriel, mimi nikamwoa Avril, tukachukua nyumba mbili zilizoshikana ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Nilijua Raymond akipiga chafya. Na kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, nilimsikia akifanya mazoezi ya tarumbeta, ile fupi yenye sauti ya juu ambayo katika bendi ndiyo hubeba wimbo wenyewe. Alikuwa mpigaji wa kwanza katika bendi ya kijiji tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Avril alikuwa akizima redio ili amsikilize.

Mwaka 1974 tulinunua karavani, kila mtu ya kwake, vile vijumba vya magurudumu mawili vinavyokokotwa na gari. Zilikuwa kuukuu, yangu ikinuka vitunguu vya mwenyewe wa kwanza. Tangu hapo, kila wiki ya Pentekoste na kila Agosti, utatukuta kwenye shamba la Bibi Thirkell, juu ya majabali ya bahari, mahali ambapo kondoo huhamishwa kwa wiki chache ili watu wapate nafasi. Uwanja wote unateremka kuelekea majini. Huwezi kupata hatua tano zilizo sawa.

Kwa hiyo kule kusawazisha karavani si jambo la hiari. Usipoisawazisha, mlango unajifunga wenyewe, mayai yanakusanyika upande mmoja wa kikaango, na ukilala kichwa chini miguu juu unaamka na kichwa kama ngoma.

Raymond alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja hata siku moja. Alisimama akiwa bado hajaitoa karavani kwenye gari. Akaweka pima maji sakafuni, mlangoni, akaona upande upi uko chini. Mbele ya gurudumu la upande ule aliweka mbao zake mbili za mteremko, alizozichonga mwenyewe, na Muriel akasogeza gari polepole mpaka gurudumu lipande na kile kitone cha hewa kwenye pima maji kikae katikati. Breki ya mkono. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Hapo tu ndipo alipoifungua kutoka kwenye gari. Kunyanyuka mbele au nyuma alikurekebisha kwa kile kigurudumu kidogo cha mbele, akikizungusha. Mwisho kabisa ndipo alipoteremsha ile miguu minne ya pembeni, kwa mkono mwepesi, mpaka iguse ardhi na kukaza kidogo.

"Miguu hii ni ya kutuliza, si ya kubeba," alikuwa akisema. "Ni kama fimbo ya mzee. Huwezi kumning'iniza mzee kwenye fimbo yake."

Wakati huo mimi nimeshakaa kitini na kikombe mkononi.

"Bado unapima tu, Ray? Unajenga kanisa?"

"Kanisa lina msingi, bwana. Wewe una matairi mawili na imani."

"Sisi wenzako tumeshakunywa chai."

"Nawaona. Mnainywa kiubavu."

Ndivyo tulivyokuwa, na nilimpenda.

Agosti ya 1995 nilifanya upuuzi. Niliitoa karavani kwenye gari kabla ya kuweka kabari. Ikaanza kurudi nyuma taratibu, kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, ikaenda ikagonga ua wa michongoma. Hakuumia mtu. Lakini Raymond, ambaye maisha yake yote hakuwahi kunipandishia sauti, siku hiyo alinipandishia mbele ya uwanja mzima.

"Breki ya mkono ya karavani ikirudi nyuma haishiki hapo hapo, Gordon! Nimekwambia mara ngapi? Huko chini kuna watu wamekaa!"

Watu wakatazama viatu vyao. Jamaa mmoja wa Leeds akacheka. Nami nikacheka, ili ionekane ni utani. Lakini kicheko kile nilirudi nacho nyumbani, nikashinda nacho na kulala nacho miezi tisa. Raymond alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi ikaja Pentekoste ya 1996. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Njia ya Malton ilijaa magari, tukafika saa kumi na moja jioni, mawingu mengine yakijipanga juu ya bahari. Avril kichwa kilikuwa kinampasuka tangu York. Alipanda kwenye karavani akajilaza, mapazia yamefungwa. Raymond na Muriel walikuwa wamefika tangu asubuhi, turubai limeshasimama, birika linatoa mvuke. Nafasi iliyobaki kando yao ilikuwa imeinama upande wa kushoto kiasi cha shubiri nzima. Niliingiza karavani, nikaitoa kwenye gari, nikaondoa gari, kisha nikafungua sanduku la vifaa. Mbao zangu za mteremko nilizisahau nyumbani, zimeegemea ukuta wa banda.

Raymond alikuja na zake kwapani.

"Hizi hapa. Rudisha gari tuifunge tena, tuipandishe."

"Nimeshaifungua, Ray."

"Ndiyo nasema tuifunge tena. Dakika tano tu."

"Avril anaumwa. Nitainyanyua kwa jeki, niingize kipande cha gogo chini ya gurudumu, kwisha kazi."

"Kwenye tope hili?"

"Kwenye tope hili hili."

Aliziweka mbao zake kwenye nyasi. Hakutaka ugomvi, nilimwona. "Haya. Lakini Avril atoke kwanza. Na jeki haikai hivi hivi, itataka ubao mpana chini yake. Kabari zako ziko wapi? Ngoja, nakuletea zangu."

Akaenda kuzileta. Kutoka kwangu hadi kwenye sanduku lake ni hatua ishirini, labda ishirini na tano. Kwenda na kurudi, na kutafuta katikati ya vitu, tuseme dakika mbili.

Sikumngoja.

Niliiweka jeki juu ya nyasi, bila ubao. Sikuiweka chini ya ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, kwenye lile bamba nene lililotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu kulifikia kulitaka nilale chini kwenye maji, na nilikuwa nimevaa suruali safi. Niliiweka ukingoni, chini ya sakafu. Kisha nikateremsha miguu miwili ya nyuma na kuizungusha kwa nguvu zangu zote ili isaidie kunyanyua. Yote aliyonikataza Raymond kwa miaka ishirini na mbili niliyafanya kwa mkupuo mmoja, mke wangu akiwa ndani.

Na ikanyanyuka. Raymond aliporudi na kabari mkono mmoja na ubao mkono wa pili, gurudumu lilikuwa hewani kwa upana wa kiganja.

"Teremsha, Gordon."

"Imeshapanda. Nisukumie hilo gogo."

"Nasema teremsha kwanza."

Nikamwambia, "Unaogopa? Basi kamwite yule wa Leeds aje acheke."

Alinitazama. Nadhani ndipo alipojua nilichokuwa nimekibeba tangu Agosti. Uso wake ulilegea, kama mtu aliyekumbuka deni la wema. Akaweka chini kabari na ubao, akapiga magoti kwenye tope, akalisukuma lile gogo chini ya gurudumu kwa kiganja cha mkono wa kulia. Mtu ambaye hakuwahi kuingiza hata kidole chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Aliingiza ili mimi na yeye tupatane.

Hapakuwa na kishindo. Jeki ilizama pembe moja, ikainama, ikalala ubavu. Mguu mmoja wa nyuma ukapinda. Karavani ikarudi nyuma kidogo, ikakaa. Mkono wa Raymond ulikuwa kati ya tairi na gogo.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, ndefu, kama anamaliza wimbo. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Niliirukia jeki nikaanza kuipachika tena pale pale ilipotoka.

"Usiguse," alisema. "Gordon. Acha. Nisikilize."

Muriel alikuwa ameshafika, aproni kiunoni.

"Muriel, mpenzi, nenda kwa Bibi Thirkell apige simu. Usikimbie kwenye tope, utaanguka. Avril! Avril, toka nje, mama. Taratibu, usiruke."

Avril alishuka na soksi, mkono mdomoni.

"Sasa, Gordon. Kabari. Gurudumu la upande wa pili, mbele na nyuma. Zigonge kwa kisigino. Umegonga?"

"Nimegonga."

"Gonga tena. Ile miguu ya nyuma irudishe juu yote. Leta jeki yangu. Ubao kwanza, ule mpana. Haya, lala chini."

"Ray, mkono wako..."

"Mkono wangu najua ulipo. Lala chini uione ekseli. Kuna bamba nene, unaliona? Hapo. Katikati yake. Sasa zungusha, polepole. Ukiona jeki inainama, simama uniambie."

Nililala kifudifudi kwenye maji yale yale niliyoyakwepa dakika kumi kabla. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, mweupe kama nta, jasho likimtiririka, na sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Nilizungusha. Tairi likaachia. Akautoa mkono mwenyewe, akauweka kifuani, akaufunika kwa ule mwingine ili Avril asiuone. Tangu kabari ya kwanza mpaka pale zilipita dakika tano.

Vidole viwili vilikatwa hospitalini siku hiyo hiyo, cha shahada na cha kati. Cha tatu kilibaki lakini hakikukunjika tena. Tarumbeta ile ina vitufe vitatu, na hubonyezwa kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Muriel alipanda naye kwenye gari la wagonjwa. Uwanjani tukabaki sisi, na watu wamesimama mbali mbali kama wanavyosimama watu. Bibi Thirkell, mwanamke mkubwa mwenye mabuti ya kukamulia ng'ombe, alikuja na lile daftari lake la kuandika mambo ya uwanja.

"Imekuwaje, Gordon?"

"Jeki imevunjika," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka laini, kama lilikuwa limekaa mlangoni likisubiri kufunguliwa. Na likiisha kutoka moja, la pili halina shida. "Chuma kilikuwa na ufa kwa ndani. Kwa nje huwezi kuuona."

"Maskini," akasema Bibi Thirkell, akaandika. "Vitu vya siku hizi."

Avril alikuwa nyuma yangu, akasikia yote. Asubuhi yake, kabla watu hawajaamka, niliichukua ile jeki, nzima kama nilivyoinunua, nikatembea nayo hadi ukingo wa jabali nikaitupa baharini.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali na chupa ya juisi na gazeti. Raymond alikuwa amekaa, mkono umefungwa mkubwa kama mkate.

"Jeki ilivunjika, Ray," nilimwambia kabla hata sijakaa. "Nimeiangalia. Ilikuwa na ufa."

Muriel alikuwa akimpangia maua.

"Ndivyo ilivyokuwa?" akauliza Raymond.

"Ndivyo."

"Haya," akasema Raymond. "Basi ndivyo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka saba, na niliitembea kila siku nikimpita Raymond mlangoni kwake. Asubuhi njema, Ray. Asubuhi njema, Gordon. Mvua leo. Ndiyo, mvua. Alistaafu mapema, maana mashine zile hazitaki mtu wa vidole vitatu. Kwenye bendi aliendelea kwenda, akawa anapanga viti na kugawa karatasi za nyimbo. Majira ya baridi ya mwaka ule nilimsikia kupitia ukutani anajaribu kupiga kwa mkono wa kushoto. Mizani ile ya kwanza kabisa, ya watoto, juu na chini, akikosea, akirudia. Mtu wa miaka hamsini na minane. Avril hakuzima redio. Aliiongeza sauti, akatoka jikoni. Ilipofika Pasaka, upande wa pili wa ukuta pakanyamaza.

"Utamwambia lini?" Avril aliniuliza mara moja.

"Acha apone kwanza."

"Amepona, Gordon. Hivyo alivyo ndivyo kupona kwenyewe."

"Anajua ilikuwa ajali."

"Sijakuuliza anachojua yeye."

Hakuniuliza tena. Ila akaacha kuja nami kwa Bibi Thirkell, akisema mgongo unamsumbua. Raymond na Muriel walikuja mara mbili zaidi, wakauza karavani yao mwaka 1998.

Juni ya 2003 vijana kadhaa wa pale kijijini walikuwa wamenunua karavani, na mchungaji wa kanisa letu akamwomba Raymond awafundishe namna ya kuisimamisha salama, Jumamosi moja, kwenye uwanja wa magari wa kanisa. Nani mwingine wa kuwafundisha? Raymond akagonga mlangoni kwangu.

"Nahitaji mikono miwili, Gordon. Ninao mmoja na nusu."

Alisema akitabasamu. Nikakubali haraka, kwa furaha, kama mtu aliyealikwa harusini.

Walikuja watu kumi na wawili. Muriel alileta keki ya tangawizi. Raymond aliwaonyesha yote, kwa mpangilio wake ule ule, nami nikawa nabeba mbao na kugonga kabari anaponiambia. Alikuwa mwalimu mzuri. Aliwapigisha magoti mmoja mmoja waione ekseli. Kuhusu miguu ya pembeni aliwaambia ile habari ya fimbo ya mzee, wakacheka. Alisema hakuna mtu ndani wakati wa kunyanyua, hakuna kiungo cha mwili chini yake, na ukiwa na haraka, kunywa chai kwanza.

Palikuwa na mwanamke kijana aitwaye Philippa, ana mimba kubwa, mumewe kamshikia kiti. Ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa adabu.

"Samahani, Bwana Sugden. Mkono wako uliumia kwa kazi hii?"

"Ndiyo, kwa kazi hii."

"Ilikuwaje?"

Raymond akageuka akanitazama. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama alivyokuwa akimwangalia mpiga ngoma kwenye bendi kabla ya kuanza, kumpa nafasi aingie. Niliona. Kila mtu pale angeweza kuona kama angejua anachotazama. Nikainama nikaanza kuokota kabari.

"Jeki ilivunjika," akasema Raymond.

"Ya aina gani? Ili nisije nikaibeba dukani."

Mtu yule hakuwahi kusema uongo hata wa mzaha. "Ilikuwa ya zamani," akasema mwishowe. "Haziuzwi tena." Kisha akaendelea na somo, lakini polepole, na mara mbili akapoteza neno alilotaka.

Philippa aliandika kwenye kijitabu chake. Nilikuwa karibu, nikasoma. Aliandika: jeki mpya. Hakuandika udongo laini, wala ubao, wala mume mwenye haraka.

Tulirudisha vifaa bandani kwa Raymond saa kumi alasiri. Jua lilikuwa kali. Nilizipanga mbao ukutani, na nikiwa nimempa mgongo nikasema, "Jeki haikuvunjika, Ray."

"Najua."

Niligeuka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifuta pima maji kwa kitambaa.

"Nilikuwa chini pale, Gordon. Uso wangu ulikuwa hapa na jeki ilikuwa pale. Niliiona ikilala. Nzima kabisa."

"Miaka yote hii."

"Tangu dakika ile."

"Mbona hukusema? Mbona hukuniambia hata siku moja, we Gordon mwongo mkubwa?"

"Halikuwa neno langu la kusema." Aliendelea kufuta. "Pale hospitali nilijua umeogopa. Nikasema, muache, atakuja wiki ijayo. Halafu nikasema, atakuja Krismasi. Nilikuwa nakungoja. Nikikusikia unafungua lango lenu, namwambia Muriel, weka birika, leo anakuja. Ulikuwa unaenda kununua gazeti."

"Muriel anajua?"

"Muriel anajua jeki ilivunjika. Sikutaka akuchukie."

Nilikaa chini, sakafuni, kwenye vumbi la mbao. Nilimwomba msamaha. Sikumbuki nilisema nini hasa. Nilisema mengi, na nililia, na yeye akaniacha nilie. Nilipomaliza alisema kitu ambacho nimekikumbuka neno kwa neno, kwa sababu alikisema kwa upole sana.

"Vidole nilikusamehe zamani, kabla hata hawajanibadilisha bandeji. Mtu huteleza. Na mimi nilijua nisipige magoti, nikapiga. Lakini hii miaka saba, Gordon, sijui niiweke wapi. Leo nimesimama mbele ya watoto wa watu nikawadanganya kuhusu jambo linaloweza kuwaua, na wewe ulikuwa unaokota kabari."

"Nitakwenda kuwaambia. Mmoja mmoja."

"Nenda," akasema. "Itakuwa vizuri."

Nilikwenda. Nilikuwa na orodha ya mchungaji, nikagonga milango sita. Kwa Philippa alifungua mumewe, nikamweleza pale pale kizingitini: niliiweka kwenye tope, bila ubao, mahali pasipostahili, bila kabari, mke wangu akiwa ndani, na nikamdhihaki rafiki yangu mpaka akaingiza mkono. Kijana yule alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na yule mzee anajua?" Nikasema anajua. Akasema asante, akafunga mlango taratibu. Nilimpigia simu pia Bibi Thirkell ili daftari lisahihishwe. Alikuwa amefariki. Mwanawe akaniambia madaftari yale walishayachoma.

Na Muriel nilimwambia mwenyewe, jikoni kwake, Raymond akiwa bustanini. Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nakuombea," akasema. "Kanisani. Nilikuwa nasema, Mungu, mwondolee Gordon huzuni, si kosa lake."

Nilisubiri aseme lingine. Akaendelea kumenya.

Nilidhani ukweli ukishasemwa mambo yatarudi. Niliporudi nyumbani siku ile Avril alinikumbatia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nami nikajiona kama mtu aliyepona. Nikawa nangoja Raymond agonge ukuta kama zamani, kwamba njoo, kuna mchezo kwenye televisheni. Hakugonga. Hakuwa amenuna. Asubuhi njema, Gordon. Asubuhi njema, Ray. Sauti ilikuwa ile ile, ya heshima, ila sasa nilielewa kwamba kwa ile miaka saba alikuwa akinisalimu kama mtu anayengoja mgeni, na kwamba sasa hamngoji mtu.

Mwaka uliofuata walihamia Morecambe, karibu na dada yake Muriel, upande wa pili kabisa wa nchi. Nilisaidia kubeba makochi. Alinipa mkono wa kushoto, akasema, "Jitunze," na nilikuwa na neno nilitaka kumwambia, nililiandaa usiku kucha, lakini dereva wa lori alikuwa amewasha mashine na hatukusikilizana.

Karavani niliiuza. Nimemwandikia Raymond barua tatu. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu alijibu, ukurasa mmoja, herufi kubwa kubwa zilizopinda, za mkono wa kushoto. Anasema wako salama. Upepo wa huko ni mwingi, goti la Muriel linamsumbua, na maji yakipwa kwenye ghuba wanashuka ndege wengi hata huoni mchanga. Ananisalimia, na Avril pia.

Nimeisoma mara nyingi, mbele na nyuma ya karatasi, nikitafuta mahali alipoandika kwamba nifike siku moja. Upepo umo. Goti limo. Ndege wamo.